Mali Bila Daftari

Majuzi nilikuwa Isiolo, nimekwenda kuwajulia hali wakwe zangu. Msomaji ambaye hajafika huko na aujue mji huo hivi: barabara itokayo Nairobi hupita Nanyuki, ikateremka kutoka baridi ya Mlima Kenya, na kabla hujamaliza kuvua koti umekwisha ingia katika joto, vumbi na upepo. Hapo ndipo mlango wa kaskazini. Mbele yake ni Marsabit, na Moyale, na mpaka wa Uhabeshi. Katika soko lake utawakuta Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, kila mmoja na lugha ya mamaye, na wote wakipatana bei kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi wa pwani hupenda kudhani kuwa ni yetu peke yetu.

Baada ya sala ya alasiri nilitoka kunyosha miguu, nikafuata sauti za watoto hadi kwenye uwanja mmoja wa vumbi upande wa Bulapesa. Vijana walikuwa wakicheza mpira. Mmoja wao alinivutia zaidi. Alikuwa golikipa, umri wake kama miaka 14, amevaa glavu za mafundi wa ujenzi, na lango lake lilikuwa mawe mawili. Alikuwa akijitupa juu ya changarawe kama ajitupaye kitandani. Walipopumzika nikamwita, nikamwuliza jina lake. Akanitajia jina la golikipa mmoja mashuhuri wa Ulaya.

Nikacheka, nikamwuliza anajua nini juu ya huyo bwana. Basi akanisomea, kama mwanafunzi wa chuoni amsomeavyo mwalimu juzuu ya Amma: mechi alizocheza, mechi alizomaliza bila ya kufungwa, penalti alizozuia, bei aliyonunuliwa, hata urefu wake kwa sentimita. Hakukwama pahali.

Nikamwambia, "Vyema sana, mwanangu. Na Mahmoud Abbas je, wamjua?"

Akafikiri kidogo. "Namjua, mzee. Si ni yule rais wa Palestina?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilipokuwa njiani kurudi kwa wakwe zangu kicheko kilikuwa kimekwisha, nikabaki na fikira tu.

Mahmoud Abbas niliyemkusudia mimi hakupata kuwa rais wa nchi yoyote. Ni mtoto wa Mombasa aliyelinda lango la AFC Leopards na lango la timu ya taifa, Harambee Stars, mpaka watu wakambandika jina la "Kenya One". Alikuwa golikipa wetu katika ile miaka mitatu ambayo Mkenya wa rika langu haisahau. Mwaka 1981 tuliwafuata Watanzania kwao, tukawafunga 1-0 katika fainali. Mwaka 1982 tulitoka sare 1-1 na Uganda mjini Kampala, tukawashinda kwa penalti 5-3. Mwaka 1983, hapa nyumbani, tukaishinda Zimbabwe 1-0. Kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo! Siku ile ya Kampala mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, na redio ya jirani yetu ilikuwa imezungukwa na watu kama kisima wakati wa kiangazi.

Usiku ule ule, baada ya isha, niliipeleka habari hii kwenye mkahawa mmoja wa Isiolo ambako watu wa umri wangu hukutana kunywa chai ya maziwa. Lo! Ugomvi ukaanza hapo hapo. Mmoja wao, aliyekuwa askari zamani, alisema kwamba kule Kampala Abbas aliokoa penalti mbili. Mwingine akasema ni moja tu, na ya pili iligonga mwamba. Wa tatu akaapa kwamba aliokoa tatu, jambo ambalo hata hisabu yenyewe hailikubali, maana Waganda walifunga tatu katika mapigo yasiyozidi matano. Nikawauliza: je, katika uhai wake wote wa mchezo aliichezea Kenya mechi ngapi? Na katika hizo, ni ngapi alizotoka uwanjani bila ya kufungwa? Kila mmoja alikuwa na idadi yake, na kila idadi ilikuwa na kiapo nyuma yake. Tukamaliza chai, tukaagana, na suala lile tukaliacha juu ya meza pamoja na vikombe.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kulitumia neno hilo kwa wenye maduka. Mimi nasema latuhusu zaidi sisi wa upande wa utamaduni na michezo, maana mali yetu sisi ni watu, na watu huisha upesi kuliko sukari ya dukani.

Ili msomaji asidhani kwamba napenda tarakimu kwa ajili ya tarakimu, nitamsimulia habari ya mdaka mwingine, wa mchezo tusioucheza sana sisi.

Wamarekani wana mchezo wao uitwao besiboli. Mrushaji huurusha mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zake zote. Mpigaji huungoja na gongo lake. Na nyuma ya mpigaji huchutama mtu aliyevaa barakoa ya vyuma, kinga ya kifua na glavu moja nene. Huyo ndiye mdaka. Kila mpira unaomkosa mpigaji yeye huupokea. Yeye ndiye humwashiria mrushaji kwa vidole ni mpira wa namna gani autupe, na katika timu yake ni yeye peke yake ambaye uwanja mzima uko mbele ya uso wake. Magoti yake huzeeka kabla ya mwenyewe. Kwa ufupi ni ndugu yake golikipa: akifanya kazi yake vyema hapana linaloonekana, na akikosa mara moja watu wote huona.

Josh Gibson alikuwa mdaka wa namna hiyo. Alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa katika jimbo la Georgia mwaka 1911 na kukulia Pittsburgh. Siku zake ligi kubwa za Marekani zilikuwa za wazungu tu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Yalikuwa ni makubaliano ya chini kwa chini, na yalidumu zaidi ya miaka 50. Watu weusi wakaunda ligi zao, na huko Gibson akachezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, akidaka na kupiga kwa nguvu ambazo waliomwona hawakuacha kuzisimulia. Alifariki tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35. Hata miezi mitatu haikutimia, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson akaingia uwanjani kuwa mtu mweusi wa kwanza wa karne ile katika ligi kubwa. Kaburi la Gibson lilikaa bila ya jiwe la jina hadi mwaka 1975.

Masimulizi juu yake yalikuwa mengi. Kibao chake katika jumba la mashujaa wa besiboli, alimoingizwa mwaka 1972, kinasema kwamba alipiga karibu mara 800 ule mpigo wa kuutoa mpira nje ya uwanja. Lakini masimulizi hayaingii katika vitabu vya ligi. Katika vitabu Gibson hakuwamo kabisa, kana kwamba hakuzaliwa.

Ndipo wakatokea watu wachache, wengi wao wakifanya kwa mapenzi tu, wakaketi miaka na miaka mbele ya magazeti makuukuu, hasa magazeti ya watu weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender. Walinakili mechi moja baada ya moja: nani alicheza, alisimama kupiga mara ngapi, alifaulu mara ngapi. Mwishoni mwa mwaka 2020 wakuu wa besiboli wakakiri kwamba zile ligi za weusi za kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kubwa kama zao. Na mwezi Mei 2024 takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 zikaingizwa rasmi katika daftari. Siku ile Josh Gibson, miaka 77 baada ya kufa kwake, akawa juu ya wapigaji wote wa historia ya mchezo ule. Wastani wake ni .372, maana yake katika kila mara 1,000 za kupiga alifaulu mara 372. Aliyekuwa juu kabla yake, Ty Cobb, mzungu wa Georgia vilevile aliyestaafu mwaka 1928, ana .367.

Lakini msomaji asipite hapa haraka. Yale mapigo 800 ya kwenye kibao, wenye kuhesabu walipoyatafuta katika mechi halali za ligi zenye ushahidi, waliyapata 174. Mengine yalikuwa ya mechi za matembezi vijijini, na mengine labda yalikuwa ya midomo ya watu. Basi hisabu ilimpunguzia Gibson kwa mkono mmoja na kumwongezea kwa mkono wa pili. Na kwa kuwa ilikubali kumpunguzia, hapana aliyeweza kuikataa ilipomwongezea. Lau wapenzi wake wangeling'ang'ania zile 800 za barazani, hadi leo angekuwa hadithi nzuri ya wazee, na Cobb angali juu ya kiti.

Huenda mtu akauliza: besiboli yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu majirani zetu wa Uganda wamo ndani yake. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda Marekani katika mashindano ya dunia ya watoto, jambo ambalo timu yoyote ya Afrika ilikuwa haijapata kulifanya. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu karatasi za umri na tarehe za kuzaliwa hazikulingana. Walikuwa wameshinda uwanjani, wakashindwa na daftari. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walitengeneza karatasi zao sawasawa, wakafika Pennsylvania, wakawa Waafrika wa kwanza kucheza pale, na wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Wenzangu wa mkahawani niliowasimulia habari hiyo hawakushangaa. Huko kaskazini hapana asiyejua uzito wa karatasi, wala asiyekuwa na jamaa aliyehangaika kutafuta kitambulisho.

Tena yuko Dennis Kasumba, kijana wa Uganda, mdaka kama Gibson, ambaye picha zake za mazoezi ya matairi na vifaa vya kubuni zilienea ulimwenguni. Mwaka 2023 alifika Marekani akaingia katika timu ya Frederick Keys ya Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kuonekana na timu za kulipwa. Hakuwa mchezaji wa kila siku huko. Hata hivyo, kila aliposimama kupiga na kila alipochutama kudaka, palikuwa na mtu aliyeandika. Kijana aliyecheza mara chache ana daftari lake ugenini, na bingwa wetu wa miaka mitatu tunamkumbuka kwa mabishano ya mkahawani. Je, hilo halituumi?

Mimi mwenyewe si msafi katika jambo hili, na sitaki kunyoosha kidole kwa wengine nikakificha changu. Katika miaka ya tisini nilikuwa mwandishi mchanga wa gazeti moja, nikitumwa kuandika mechi za pwani. Siku moja timu ya nyumbani iliponea chupuchupu kwa ajili ya golikipa wake, ambaye alizuia mipira ambayo hata sisi tuliokaa nyuma ya lango tulikuwa tumekwisha ihesabu mabao. Niliandika habari yangu usiku. Wafungaji niliwataja kwa majina na dakika zao. Juu yake yeye niliandika kwamba mlinda lango wa wenyeji alifanya kazi nzuri.

Baada ya miaka kama minane alinijia nyumbani. Alikuwa amepata tetesi za kazi ya kufundisha magolikipa katika nchi moja ya Ghuba, na waajiri walikuwa wanataka ushahidi kwamba alicheza. Klabu yake haikuwa na kitabu. "Ustadhi," akaniambia, "wewe ulikuwapo siku ile. Nitafutie karatasi yako." Nikaitafuta, nikaipata, imegeuka rangi ya chai. Akaisoma yote, kisha akairudia tena akilitafuta jina lake. Halafu akaikunja vizuri, akanirudishia, akasema, "Ahsante. Basi si neno." Sikujua la kumwambia. Ile kazi hakuipata. Siwezi kusema kwamba ni kwa sababu yangu, lakini pia siwezi kusema kwamba mimi sikuwa na sehemu yangu.

Pale Isiolo nilipoyaeleza haya, mzee mmoja wa Kiborana alinipinga kwa heshima. "Ustadhi," akasema, "mimi ng'ombe wangu sikupata kuwaandika. Wakirudi jioni nawatazama tu, na akikosekana mmoja namjua ni yupi, namjua na mamaye, na nyanya yake pia. Kumbukumbu haihitaji wino."

Ni hoja nzito, wala sikuidharau. Lakini nilimjibu kwamba yeye huwatazama ng'ombe wake kila jioni. Golikipa wetu, akisha kutundika glavu zake, ni nani amtazamaye kila jioni? Kumbukumbu isiyokaguliwa hunenepa upande mmoja na kukonda upande mwingine. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa hivyo mapema. Hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, zilibebwa vifuani, lakini hazikubebwa ovyo. Kila neno lilidaiwa sanadi yake: fulani kalipokea kwa fulani, naye kalipokea kwa fulani, na kila fulani akachunguzwa ukweli wake na uhodari wa kuhifadhi kwake. Wapo waliosafiri mwendo wa mwezi mzima kwa ajili ya kuhakikisha hadithi moja tu. Na katika Kurani yenyewe aya iliyo ndefu kuliko zote ni ile ya kuamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Sisi tunao deni kwa wachezaji wetu, na kwa waimbaji wetu, na kwa mafundi wetu wa ngoma, nalo hatujaliandika.

Sasa tufanye nini? Haihitaji fedha nyingi. Kwanza, kila klabu, hata ile ya mawe mawili ya Bulapesa, inunue daftari moja la dukani na imweke kijana mmoja awe mwandishi wake: tarehe, uwanja, majina ya wachezaji wote 11, mabao, na jina la golikipa na mipira ya hatari aliyoizuia. Mwalimu wa shule aweza kulisimamia jambo hilo kwa dakika kumi kila mechi.

Pili, sisi wa magazeti turudi kwenye uungwana wa kazi. Habari ya mechi isiyotaja majina ya waliolinda haijakamilika, na mhariri asiipokee. Tusisahau kwamba Josh Gibson aliokolewa na waripota wadogo wa magazeti madogo, ambao usiku ule walipokuwa wakiandika tarakimu zao hawakujua wanamwandikia nani.

Tatu, magazeti ya zamani yapo. Standard ilianza Mombasa mwaka 1902, Nation ilianza mwaka 1960, na Taifa ya Kiswahili ilikuwa imetangulia kidogo mbele yake. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wanaotafuta mada za kuandikia. Basi na waketi watatu au wanne, waanze na mwaka 1981 na kuendelea, mechi baada ya mechi, na kila palipo na shaka waandike kwamba pana shaka. Na wasichelewe, kwa sababu waliokuwapo Kampala siku ile sasa ni watu wa miaka sitini na sabini, na kila mwaka twawazika baadhi yao. Ikitokea kwamba Abbas aliokoa penalti moja badala ya mbili, yule askari wa Isiolo atanuna kwa siku chache, lakini hiyo moja itakuwa yake Abbas daima, na hapana wa kumpokonya.

Asubuhi ya kuondoka nilipita tena pale uwanjani. Yule kijana hakuwapo, yuko shule. Nilimwachia dukani kwa mjomba wake daftari na kalamu, na juu ya ukurasa wa kwanza nikamwandikia tarehe ya mechi niliyoiona, matokeo yake, na jina lake yeye la kweli, alilopewa na wazazi wake. Chini yake nikatia beti moja, ambayo namgawia na msomaji:

Mdaka aliudaka, watu wakashangilia,
Mwandishi hakuandika, na siku zikakimbia,
Wazee wametoweka, nani wa kusimulia?
Mali bila daftari, huisha bila habari.